Nundu ya Saba

Kijicho kina mahali pake pa kukaa. Wengine huwakaa machoni, wengine rohoni. Sindano kilimkaa kwenye kidole gumba cha mkono wa kulia, kile kile alichobania vifaa vyake vya kazi, na kila wifi yake alipoingia chumbani kidole kilianza kumwasha. Alijikuna kwa siri chini ya meza. Kama kweli kijicho kingekuwa ugonjwa, angeshalazwa hospitali zamani.

Sindano ni jina la kazi. Alikuwa fundi wa mifupa kwenye makumbusho, na mifupa yenyewe si ile ya kufungwa bandeji. Ilikuwa visukuku, mifupa ya wanyama wa zamani za kale iliyogeuka jiwe, ikaletwa kwake ikiwa imeng'ang'aniwa na mawe mengine. Yeye ndiye aliyeitenganisha. Kutwa aliketi kwenye chumba cha chini, jicho kwenye hadubini, sindano ya chuma mkononi, akichokoa chembe kwa chembe mpaka mfupa utoke. Siku ikimwendea vizuri sana alisafisha eneo la ukubwa wa ukucha. Kazi hiyo aliifanya miaka kumi na tisa, na ukiwauliza wenzake jina lake halisi, wangekuna vichwa kwanza.

Chumba chake kilikuwa na meza mbili, vifuko vya mchanga vya kulazia mifupa isibiringike, bomba la kunyonya vumbi lililokoroma kama mjomba aliyeshiba, chupa za gundi, na chupa ya asetoni ya kuyeyushia gundi ikikosewa. Rafuni palikuwa na daftari. Humo aliandika kila alichoutendea mfupa: kila tone la gundi, kila ufa, kila kiraka cha plasta, tarehe na saini. Maana mifupa hii huja na mapengo, na fundi huyaziba ili isivunjike. Sheria zilikuwa mbili. Kiraka kiandikwe, na kiwe na rangi iliyofifia kidogo kuliko mfupa, ili msomi yeyote ajue kipi alikiumba Mungu na kipi amekiumba fundi. Miaka kumi na saba Sindano hakuzivunja hata mara moja.

Halafu mdogo wake akaoa.

Mdogo wake alikuwa fundi wa mafriji, mtu wa maneno mengi na vicheko vingi. Kila Jumamosi alikuwa akishuka chumba cha chini na chupa ya chai, anakaa kwenye kigoda, anamsimulia dada yake vituko vya wateja wake: huyu kaweka viatu kwenye friji, yule kafungia simu kwenye barafu. Sindano hakuwa na mume wala mtoto, na hakuwa akilalamika. Alikuwa na mifupa yake siku tano na mdogo wake siku ya sita. Kisha makumbusho ikaajiri daktari mpya wa visukuku, friji la kuhifadhia gundi likaharibika wiki hiyo hiyo, na aliyempigia simu mdogo wake aje kulitengeneza ni Sindano mwenyewe. Hilo hakujisamehe. Mwaka haukuisha wakafunga ndoa, na Jumamosi ile chupa ya chai ikaanza kuishia ghorofa ya pili, ofisini kwa Daktari.

Huyo Daktari sasa. Mrefu, mdogo kwa Sindano kwa miaka kumi na mitatu, mwenye shahada tatu na kicheko cha kusikika ngazi nzima. Alipenda watu kama anavyopenda mifupa, bila kuchagua. Tangu siku ya harusi alimwita Sindano "wifi", na si wifi ya adabu tu. Alilitamka kwa furaha, kama mtu aliyekuwa akilitafuta neno hilo siku nyingi. "Wifi, umekula?" "Wifi, njoo uone!" Sindano alimjibu "Ndiyo, Daktari," na "Nakuja, Daktari." Nyumbani pia, mezani, mbele ya masufuria, alikuwa Daktari.

"Dada, mwite wifi," mdogo wake alimwambia siku moja wakiosha vyombo. "Haliumi."

"Kasomea udaktari kwa jasho lake," alijibu Sindano. "Mbona nimnyang'anye?"

Sasa ngoja nikueleze habari ya kichwa kilicholeta haya yote.

Miaka miwili kabla Daktari hajaajiriwa, katika safari ya kuchimba, wenzake wote walikuwa wamelizunguka paja moja kubwa la mnyama mwenye shingo ndefu. Sindano alienda kando kujisaidia. Alipochuchumaa nyuma ya mwamba aliona kitu cha mviringo kikichungulia udongoni, laini kwa juu, ukubwa wa nusu ya nazi. Alimaliza haja zake kwanza, maana yeye si mtu wa papara, kisha akakifukua kwa brashi. Kiongozi wa msafara alikigeuza mara moja tu, akasema ni ncha ya mfupa wa goti, akarudi kwenye paja lake. Sindano alikifunga kwa karatasi na plasta, akakipakata garini siku mbili. Kikaingia kwenye droo ya magoti. Kila alipopata nafasi alikitoa na kukisafisha kidogo, kwa sababu tu alikipenda. Kilikaa vizuri kiganjani.

Siku Daktari alipoifikia droo ya magoti, alikitoa kile kitu, akakigeuza juu chini, akatia kidole kwenye kibonyeo kilichokuwa upande wa chini. Akakisogeza chini ya taa.

"Wifi," akasema, "hili si goti."

"Nini basi?"

"Hiki ni kichwa. Ona, ubongo ulikaa hapa kwenye kidole changu. Na huu mfupa wote mnene juu yake ni kuba, kama kofia ya chuma. Huyu ni dinosaria wa wale wenye vichwa vya kuba! Huku kwetu hajapatikana hata mmoja. Jamani! Na mlikuwa mmemlaza kichwa chini miguu juu!"

Akacheka, akamshika Sindano mabega, akamtikisa kwa furaha. Sindano naye akacheka, kwa meno tu.

"Nilikuwa nashuku," akasema.

Uongo mtupu. Hakuwa ameshuku hata kidogo. Miaka mitatu amekipapasa, amekichokoa, amekipakata, na huyu mtu amekitambua kwa muda wa kumenya ndizi. Roho ilimuuma akashindwa kula mchana. Aliyekiona ni yeye, aliyekibeba ni yeye, na tangu siku ile jengo zima likakiita "kile kichwa cha Daktari". Hata mlinzi wa getini alimwuliza, "Kichwa cha Daktari kinaendeleaje?" kana kwamba Daktari ana homa.

Alikisafisha mwaka mzima na miezi. Ukingoni nyuma, pale kuba inapokutana na shingo, zikatoka nundu ndogo zilizopangana kama shanga: tatu kulia, tatu kushoto. Katikati palikuwa na pengo, mahali mwamba ulipopasuka na kipande kikapotea. Lile pengo lilifanya mnyama aonekane kama mtu aliyeng'oka jino la mbele, na ufa wake ulitishia kukigawa kichwa vipande viwili. Lazima lizibwe.

Na pengine angeliziba kama alivyoziba mamia mengine, plasta iliyofifia, tarehe, saini, yakaisha. Lakini asubuhi ya siku hiyo Mkuu wa makumbusho alikuwa akizungushwa na Daktari kwenye ukumbi wa maonyesho, na Sindano alikuwa nyuma yao na ngazi ya kubadilishia taa. Walisimama mbele ya mguu mmoja mkubwa ambao Sindano aliuunga miaka minane nyuma.

"Huu umeungwa vizuri sana," Daktari alimwambia Mkuu. "Ila kwa kuwa ni wa maonyesho tu, viraka vingefichwa kidogo. Vinaonekana tangu mlangoni."

Neno lenyewe halikuwa baya. Mfupa wa maonyesho hufichwa viraka, kila mtu anajua, na aliyesema alianza kwa sifa. Lakini mwenye kijicho hasikii sifa. Sindano alishuka chumba cha chini. Vinaonekana tangu mlangoni! Akachanganya plasta na gundi, akatia unga wa rangi: kahawia, kijivu kidogo, wekundu wa kutu kwa ncha ya sindano. Akajaribu kwenye kigae, akafuta, akajaribu tena. Akalijaza pengo. Na kwa sababu mkono ulishazoea ule mstari wa nundu, na kwa sababu hasira humfanya fundi mzuri awe mzuri kupita kiasi, hakuishia kusawazisha. Alichonga nundu. Ndogo, ya mviringo, yenye vijitundu vya kama mfupa alivyovidonoa kimoja kimoja chini ya hadubini. Aliitia hata ufa mwembamba wa uongo. Saa kumi jioni alikitazama kichwa na hata yeye akalazimika kutafuta.

Hakuandika kwenye daftari. Aliacha nafasi ya mistari mitatu. Shabaha yake ilikuwa kesho yake amwite Daktari, amwekee kichwa mezani, amwambie: haya, msomi, nionyeshe kiraka. Daktari akishindwa, ndipo angemwonyesha, ndipo angeandika. Alilala usingizi mtamu.

Kesho yake Daktari alifika kabla yake. Sindano alipofungua mlango alimkuta ameinama mezani, kioo cha kukuzia jichoni.

"Wifi! Kumbe umemaliza katikati! Kuna nundu ya saba!"

Sindano akafungua mdomo.

"Wenzake wote duniani wana sita. Sita tu! Huyu ana saba. Unajua maana yake? Huyu ni mpya, wifi. Hana jina. Tunampa jina!" Na akamkumbatia mpaka miwani ikamkaa upande, kisha akatoka mbio kumwita Mkuu, akipanda ngazi mbili mbili.

Pale ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Hata dakika tano baadaye, hata Mkuu akiwa amesimama pale akisugua mikono. Sindano alirekebisha miwani yake, na kitu kitamu sana kikamtambaa kifuani. Acha ahangaike, aliwaza. Acha aandike, msomi wa shahada tatu. Siku moja atakuja mwingine na asetoni na pamba, na dunia nzima itajua kuwa Daktari hajui kutofautisha mfupa na plasta. Kidole gumba kiliacha kuwasha siku hiyo yote.

Basi Daktari akaandika. Aliandika miezi saba. Mashine ya hospitali iliyokuwa ikiwapigia picha za ndani ya mifupa ilikuwa na foleni ya wagonjwa, na wagonjwa ni wagonjwa. Kichwa kilichokufa zamani hizo kingeweza kusubiri, lakini makala ya jarida haikuweza, basi hakikupigwa picha. Siku moja alishuka na kikombe chake mkononi, akaketi kwenye kigoda cha mdogo wake.

"Wifi, nikuulize kitu. Hii nundu ya katikati. Ni mfupa?"

Bomba la vumbi likakoroma. Sindano hakuinua jicho kwenye hadubini.

"Umesoma daftari langu?"

"Nimelisoma lote. Ukurasa kwa ukurasa."

"Basi."

"Basi," alisema Daktari, akatabasamu, akanywa chai yake mpaka mwisho. Alipotoka Sindano aligundua kwamba sindano ilikuwa imeukwaruza mfupa aliokuwa akiusafisha, mkwaruzo mrefu, wa kwanza kwa miaka mingi. Aliuandika kwenye daftari, tarehe na saini.

Ikabaki habari ya jina. Majina ya mnyama mpya huwa mawili: la kwanza la ukoo wake, la pili lake mwenyewe, na aliyemwandika ndiye anayeyachagua yote. Msomi hajiiti mwenyewe, hiyo ni aibu. Humpa mtu mwingine heshima. Sindano hakumwambia mtu yeyote, lakini alilitaka jina lile. Alilitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu. Miaka kumi na tisa amewatoa wanyama maweni, na wote wamepewa majina ya wakurugenzi, ya maprofesa, ya mito, hata ya mbwa wa profesa mmoja. Akienda kuoga alijiambia: aliyemwona ni mimi. Akirudi alijiambia: hawezi kunipa, na akinipa sitaki. Na alitaka.

Jumapili moja walikuwa wakila kwa mdogo wake. Mdogo wake alikuwa amevimba kwa siri kama puto.

"Jina limeshachaguliwa," alisema. "Nimekatazwa kusema. Ila ni mtu wa familia."

"Wewe nawe!" Daktari alimpiga kwa kitambaa cha meza. "Nyamaza kabla hujamwaga kila kitu."

Mdogo wake akajishika kifua, akainua kidevu kama mtu anayepigwa picha ya sarafu. Alikuwa akitania tu, lakini Sindano aliona alichotaka kuona. Mtu wa familia! Mume wa Daktari, basi. Mtu ambaye katika maisha yake hajanyanyua mfupa mzito kuliko wa kuku, sasa ataitwa kwenye vitabu vya dunia kwa sababu ana kicheko kizuri. Chakula kilimgeuka udongo mdomoni. Alisema kichwa kinamwuma, na kwa kweli kilikuwa kinamwuma, akaenda zake. Njiani alijiapiza: hatasema. Hata wamchinje.

Alhamisi iliyofuata, saa nane mchana, Daktari alishuka ngazi taratibu. Mkononi alikuwa na karatasi tatu zilizobanwa pini.

"Makala imerudi kwa mara ya mwisho," alisema. "Natakiwa niithibitishe leo saa kumi, ndipo ichapwe. Lakini huu ukurasa nataka uusome wewe kwanza. Sitaki uusome kwenye jarida kama mtu baki." Akauweka juu ya kifuko cha mchanga. "Nakuachia. Nikikaa hapa nitalia, na sipendi kulia mbele ya mifupa."

Akapanda juu. Sindano alijifuta vumbi mikononi akasoma. Mnyama aliitwa *Kubasaurus sindano*. Chini ya jina palikuwa na maelezo, kama desturi ilivyo, ya kwa nini ameitwa hivyo. Jina la kwanza latokana na kuba ya kichwa chake. Jina la pili, ilisema karatasi, ni heshima kwa fundi aliyemwona mnyama huyu na kumtoa jiweni kwa mikono yake. Fundi anayejulikana kwa wenzake wote kwa jina hilo. Ambaye daftari lake, wakati mashine haikupatikana, lilitosha kuwa ushahidi.

Alisoma mara tatu. Kisha akazima bomba la vumbi, na chumba kikawa kimya.

Usifikiri moyo wake ulilainika papo hapo. Kitu cha kwanza kilichompanda ni hasira. Hata hili kafanyiwa na Daktari! Hata heshima yake ilibidi itoke mkononi mwa yule yule, kama sadaka, na yeye ashukuru. Kitu cha pili kilikuwa furaha, furaha ya kitoto, ya kutaka kuruka. Sindano! Kwa herufi za mlazo, kama wanavyoandikwa wanyama wote wa maana. Alikigusa kile kichwa, akakipakata kiganjani kama siku ile garini.

Na cha tatu kikaja chenyewe. Nani atajua? Akinyamaza sasa, si Daktari tu atakayeandikwa. Na yeye pia. Hahitaji kufanya chochote, hahitaji hata kusema uongo mpya. Saa nane na nusu. Akae tu ajikune kidole, saa kumi ifike, na jina lake litabaki duniani yeye akiwa ameshasahaulika.

Alichukua daftari akalifungua kwenye ile siku. Mistari mitatu mitupu. Kabla yake na baada yake maandishi yake madogo, yaliyonyooka, miaka kumi na tisa bila uongo. Lilitosha kuwa ushahidi. Akawaza mtu asiyemjua, fundi mwingine, pengine bado hajazaliwa, ameketi kwenye kiti hiki na pamba yenye asetoni. Anaipitisha ukingoni ili aondoe vumbi, na nundu ya saba inamfia kwenye pamba. Huyo fundi atacheka. Atawaita wenzake waje waone: jamani, njooni mwone plasta iliyopewa jina la mtu aliyeipaka. Fedheha aliyomtegea wifi yake ilikuwa sasa ni yake, ila hilo peke yake lisingemnyanyua kitini. Wafu hawaoni aibu. Kilichomnyanyua ni kwamba Daktari alisoma daftari lote, ukurasa kwa ukurasa, akaamini hata mistari mitupu.

Saa tisa na dakika ishirini alikiweka kichwa kwenye trei, akaweka pamba na chupa kando yake, akapanda ngazi.

Daktari alikuwa mezani kwake, uso umejiandaa kupokea shukrani. "Wifi! Umesoma?"

"Nimesoma. Usiithibitishe."

"Kuna kosa la herufi?"

Sindano aliweka trei mezani. Alilowesha pamba, akaikandamiza kwenye nundu ya katikati, akahesabu kimoyomoyo hadi ishirini kama kazi inavyotaka, akaivuta. Pamba ilitoka na rangi ya kahawia. Ukingoni, kati ya nundu tatu na tatu, palibaki kidoa cheupe pe kama chokaa ya ukutani.

Daktari aliitazama pamba, akatazama kichwa, akatazama pamba tena. Akakaa chini ingawa alikuwa ameshakaa. Alijiweka vizuri tu.

"Kiraka," akasema.

"Kiraka."

"Tangu lini unajua?"

Hapo Sindano angeweza kusema leo. Nimekisafisha leo nikagundua, nisamehe, umri, macho. Angeaminiwa papo hapo, angekumbatiwa juu yake. Neno lilifika kwenye ulimi.

"Tangu nilipokiweka. Siku moja kabla ya wewe kunikumbatia."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukaniambia nisome daftari."

"Ndiyo."

Laiti Daktari angepiga kelele! Sindano angepata pa kujishikia, wangegombana kama mawifi wa kila mahali, mdogo wake angekuja kuamua, wangenuna mwezi mzima wakapatana. Lakini yule mama mwenye kicheko cha kusikika ngazi nzima alivuta kompyuta, akaandika mistari miwili kwa jarida, akaisoma kwa sauti ya chini: makala inaondolewa kwa kosa la mwandishi. Akaituma.

"Kosa si lako," alisema Sindano.

"Mwandishi ni mimi." Alifunga kompyuta. "Bila hii nundu, ana sita kama wenzake. Huyo ameshapewa jina na watu wengine, zamani. Wetu ni mwenzao tu aliyeonekana huku kwetu." Alinyanyua trei kwa mikono miwili akamrudishia, kwa uangalifu wote, kichwa kikiwa kimekaa sawa, juu juu na chini chini. "Ahsante kwa kuniambia, Fundi."

Sindano alikuwa amefika mlangoni ndipo lile neno, Fundi, lilipomfikia. Aligeuka, lakini Daktari alikuwa ameshainamia karatasi nyingine.

Chumba cha chini alikaa, akafungua daftari, akajaza mistari mitatu: plasta, gundi, unga wa rangi tatu, nundu ya katikati si mfupa. Akaandika tarehe ya siku ile na tarehe ya leo. Kwenye saini aliandika jina lake halisi, lote, alilopewa na wazazi wake. Kisha akaondoa plasta yote, akalijaza pengo upya, bapa, rangi iliyofifia. Lilionekana tangu mlangoni.

Jumamosi chupa ya chai haikushuka wala haikupanda. Jumatatu asubuhi mlango ulifunguliwa, Daktari akaingia na kifurushi cha plasta kifuani, akakiweka kwenye vifuko vya mchanga. Alisalimia vizuri. Aliuliza kama friji linafanya kazi. Kidole gumba cha Sindano hakikuwasha hata kidogo, na alikisubiri kiwashe.

"Huu ni wa taya," alisema Daktari. "Unaweza kuuanza lini, Fundi?"

"Hata leo." Sindano alivuta hadubini, akaisukuma tena. Alimsikia akitembea kuelekea mlangoni, akahesabu hatua zake, na ya tano ndiyo ya mwisho.

"Hata leo, wifi," akasema.

Mlango ulikuwa umeshafungwa.